Kuchagua Kompyuta Mpakato ya Kazi na Masomo: Mwongozo Hatua kwa Hatua

Anayenunua kompyuta mpakato hununua vitu vya aina mbili ndani ya ganda moja. Vipo ambavyo fundi anaweza kuvibadilisha baadaye, kama vile diski na mara nyingi betri, na vipo vitakavyobaki kama vilivyo hadi mashine itakapoachwa kutumika: ukubwa, uzito, kibodi, prosesa (ubongo wa kompyuta), kwa kawaida skrini, na katika mashine nyingi nyembamba za leo hata RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua. Matangazo ya biashara hayatenganishi makundi haya. Hupanga tarakimu zote katika mstari mmoja, na mnunuzi hujikuta akilipia diski kubwa ambayo angeweza kuiongeza mwakani, huku akikubali skrini hafifu atakayoikodolea macho kila siku kwa miaka mitano. Katika mwongozo huu fedha zinatangulia kwenye kisichobadilika, na kinachobadilika kinapewa kilichosalia.

Hatua ya kwanza: Orodhesha programu kwa majina

Ukimuuliza mtu anataka kompyuta ya nini, mara nyingi atajibu kuwa ni ya ofisi na masomo. Jibu hilo ni pana mno. Mhasibu mwenye majedwali ya Excel ya mistari laki kadhaa, mwanafunzi wa usanifu majengo na mwalimu anayeandaa vipindi wote watajibu hivyo hivyo, ilhali mashine zinazowafaa ni tatu tofauti. Chukua karatasi uandike majina ya programu utakazotumia katika miaka mitatu ijayo, zikiwemo zile zilizotajwa katika kozi yako au na mwajiri wako, kisha mbele ya kila jina andika mfumo endeshi, kama vile Windows au macOS, ambao programu hiyo inaukubali.

Orodha hiyo huondoa machaguo mengi kwa mkupuo mmoja. ArcGIS Pro, Revit na SolidWorks zimeundwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo mwanafunzi wa ramani au uhandisi anayenunua MacBook kwa sababu ya umbo lake anajitafutia usumbufu. Anayetaka kutengeneza programu za iPhone anahitaji Xcode, nayo huendeshwa kwenye Mac pekee. Chromebook inamtosha mtu ambaye kazi zake zote hufanyika ndani ya kivinjari, lakini haipokei programu za kawaida za Windows. Kompyuta za Windows zenye prosesa za Snapdragon X, zilizoingia sokoni mwaka 2024, zinasifika kwa betri inayodumu, na programu nyingi za kila siku hufanya kazi vizuri humo. Hata hivyo printa za zamani, vifaa vya maabara na baadhi ya programu za kusimamia mitihani hutegemea draiva, yaani programu ndogo zinazounganisha kifaa na kompyuta, zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD, na hizo huenda zikakataa kabisa. Ukikuta mashine mpya imewekewa Windows katika hali ya S, ambayo huruhusu programu za duka la Microsoft tu, hilo lisikutishe: kutoka katika hali hiyo ni bure, ila ukishatoka huwezi kurudi tena.

Hatua ya pili: Pima uzito pamoja na chaja

Kompyuta ya inchi 13 au 14 kwa kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.5, na ya inchi 15.6 hukaribia kilo 1.8 au kuzidi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo ukiwa umesimama dukani, lakini si ndogo kwa anayepanda ngazi na kubadilisha vyumba vya mihadhara siku nzima. Tena tarakimu ya uzito inayotangazwa haihesabu chaja. Chaja ndogo ya USB-C ya wati 65 haiongezi mzigo mkubwa, ilhali tofali linalokuja na kompyuta yenye kadi kubwa ya picha (sehemu inayochora kinachoonekana kwenye skrini) linaweza kufikia nusu kilo au zaidi.

Kwa mtu anayesafiri na kompyuta kila siku, inchi 14 ndiyo saizi ninayoiona kuwa ya busara: kurasa mbili zinasomeka ubavu kwa ubavu na mashine bado inaingia katika mfuko wa kawaida. Wa kuachiwa inchi 15 au 16 ni mhasibu anayetaka vitufe vya tarakimu upande wa kulia, mhariri wa video, au mtu ambaye kompyuta yake haitoki mezani ila mara moja moja.

Hatua ya tatu: Skrini na kibodi, sehemu mbili zitakazokuchosha au kukupumzisha

Hapa ndipo panapostahili muda mwingi kuliko kwingine kote, na ndipo wanunuzi wengi wanapopita mbio. Anza na idadi ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Skrini ya 1366 kwa 768 imepitwa na wakati, na bado inauzwa katika mashine za bei ya chini. Iache hata ukipewa punguzo. Kiwango cha chini kinachokubalika ni 1920 kwa 1080, na ukipata 1920 kwa 1200 ni bora zaidi, kwa kuwa mistari ile 120 ya ziada kwa wima huongeza aya nzima unaposoma waraka mrefu.

Baada ya pikseli, uliza kuhusu mwangaza, ambao hupimwa kwa niti. Niti 250 zinatosha katika chumba chenye kivuli, lakini karibu na dirisha utajiona uso wako badala ya maandishi. Tafuta niti 300 au zaidi, na kama unafanya kazi barazani au chini ya mti, 400. Jambo la tatu ni aina ya paneli: ya IPS huonyesha rangi zilezile hata ukiitazama kwa pembeni, na ya TN hugeuka rangi ukiinamisha kichwa kidogo. Waraka wa sifa ukitaja "45% NTSC", ambacho ni kipimo cha upana wa rangi, jua kwamba rangi zitakuwa zimefifia. Maandishi yatasomeka bila shida, ila mpiga picha na msanifu wa vipeperushi wasiikaribie, wao watafute skrini inayofikia asilimia 100 ya sRGB, kipimo kingine cha rangi, au karibu na hapo. Paneli za OLED zina weusi wa kweli na rangi zinazopendeza. Baadhi ya watu huumwa macho nazo kwa sababu ya mwako unaozimika na kuwaka kwa kasi pale mwangaza unapopunguzwa, kwa hiyo itazame kwa angalau robo saa kabla ya kulipa.

Kibodi haichunguzwi kwa kuisoma katika karatasi. Iweke kompyuta mezani, fungua ukurasa mtupu na uandike aya nzima kwa mwendo wako wa kawaida, bila kuangalia vidole. Ukiona herufi zinarudiwa au zinarukwa, au kidole cha mwisho kinagonga kitufe cha kuwashia mashine kila unapokusudia kufuta, jibu umeshalipata. Bonyeza katikati ya kibodi kwa kidole gumba: isibonyee kama kifuniko cha ndoo ya plastiki. Angalia vishale, maana katika mashine nyingi vya juu na chini vimebanwa kuwa nusu kitufe, jambo linalomkera anayehariri maandishi. Kisha inua kifuniko kwa kidole kimoja. Bawaba nzuri hufunguka bila kuinua kitako cha kompyuta, na skrini haiendelei kutikisika baada ya kuiachia. Taa chini ya vitufe nazo zinafaa kwa anayesoma usiku. Kwa wenye mikutano na vipindi vya mtandaoni, kamera ya 1080p inaonyesha tofauti ya wazi dhidi ya ile ya 720p.

Hatua ya nne: RAM, prosesa na diski

RAM ndiyo inayoamua kama kompyuta itaganda ukifungua kivinjari chenye kurasa nyingi, waraka mrefu na mkutano wa video kwa pamoja. Windows yenyewe, kabla hujafungua chochote, huchukua GB kadhaa, na kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa nayo hukopa sehemu yake humo humo. GB 8 zinamtosha mtu wa kuandika na kusoma tu, na hata huyo zitaanza kumbana baada ya muda. GB 16 ndicho kiwango ninachopendekeza kwa mtu yeyote anayetarajia kukaa na mashine zaidi ya miaka mitatu. Anayetumia Android Studio pamoja na kiigizi cha simu, au mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta), asishuke chini ya 16 na afikirie 32.

Uliza swali moja la lazima: je, RAM hii inachomoka? Ikiwa waraka umeandika LPDDR, basi karibu kila mara imelehemiwa kwenye ubao mama na hutaweza kuiongeza. Ikiwa imeandikwa DDR4 au DDR5 na ipo nafasi ya kuchomeka, unaweza kuanza na 8 ukaongeza baadaye. Kwa MacBook zenye prosesa za M, kuanzia ya M1 ya mwishoni mwa 2020, hakuna kuongeza kabisa, kwa hiyo amua siku ya kununua.

Kuhusu prosesa, kosa la kawaida ni kusoma i3, i5 au i7 na kuishia hapo. Kizazi kina uzito kuliko ngazi. Katika Intel Core i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 8, ni kizazi cha nane. Katika i5-1235U, tarakimu mbili za mwanzo, 12, ni kizazi cha kumi na mbili. Prosesa ya i7-7500U ina viini (sehemu za kukokotoa) viwili tu, ilhali i5-8250U iliyoifuata ina vinne, na i3-1215U ya kizazi cha kumi na mbili ina sita. Muuzaji anayesisitiza kwamba i7 ni i7 hajakudanganya kwa maneno, lakini amekuuzia mashine inayopitwa na i3 mpya. Herufi ya mwisho nayo ina maana: U ni kwa mashine za kubeba zinazotunza betri, na H ni kwa mashine zenye nguvu, joto na kelele za feni. Tangu mwisho wa 2023 Intel imeanza pia kutumia jina la Core Ultra.

AMD walibadilisha utaratibu wao wa majina kwa prosesa za mwaka 2023, na hapo pana mtego. Katika Ryzen 5 7520U, 7530U na 7540U, tarakimu ya kutazama ni ya tatu: 2 ni muundo wa Zen 2, 3 ni Zen 3, na 4 ni Zen 4. Zote tatu zinaanza na 7 na zinaonekana kuwa ndugu wa umri mmoja, kumbe ya kwanza imejengwa juu ya muundo wa 2019.

Siku hizi matangazo yanasifu sana kitengo cha akili unde kilicho ndani ya prosesa. Kwa mtu wa kuandika, kukokotoa na kuhudhuria mikutano, sioni sababu ya kuongeza fedha kwa ajili yake. Huduma nyingi za akili unde zinazotumiwa leo hufanya kazi kwenye seva za mbali, si ndani ya kompyuta yako. Kadi ya picha inayojitegemea nayo inahitajika kwa michoro ya 3D, uhariri mzito wa video na mafunzo ya mashine, yaani kufundisha modeli za akili unde. Kwa wengine ni mzigo na joto.

Diski iwe SSD, yaani isiyo na sehemu zinazozunguka, na bora iwe ya NVMe, aina yake iliyo ya kasi zaidi. Epuka eMMC, aina ya hifadhi inayopatikana katika mashine za bei ya chini kabisa, kwa sababu ni ya polepole na imelehemiwa. GB 256 zinatosha kuanzia ikiwa diski inachomoka; GB 512 zinakupa nafasi ya kupumua. Usishangae diski ya 512 ikionekana kuwa na 476 ndani ya Windows: mtengenezaji huhesabu kwa mafungu ya elfu, Windows kwa mafungu ya 1024.

Hatua ya tano: Betri kwa hesabu yako mwenyewe

Saa za betri zinazotangazwa mara nyingi hupatikana kwa kuchezesha video mfululizo huku mwangaza umepunguzwa. Fanya hesabu yako. Tafuta ujazo wa betri kwa wati-saa, yaani Wh, kisha ugawanye kwa wati ambazo kompyuta hutumia. Mashine ya prosesa ya aina ya U inayotumika kuandika na kuperuzi hutumia takribani wati 6 hadi 10. Betri ya Wh 50 itakupa basi kati ya saa 5 na 8, na mkutano wa video utazipunguza. Ukiona betri ya Wh 38 na ahadi ya saa 15, umeshajua la kufikiri.

Hakikisha mashine inachajiwa kwa USB-C, kwa kuwa chaja moja itahudumia kompyuta na simu, na ikipotea haitakulazimu kutafuta ya aina ileile. Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba betri isiyozidi Wh 100 kwa kawaida huruhusiwa katika mzigo wa mkononi bila kibali, na takribani kompyuta mpakato zote ziko ndani ya kikomo hicho.

Hatua ya sita: Matundu

Hesabu vifaa unavyochomeka kila wiki: projekta, flashi, kipanya, waya wa intaneti. Mashine nyembamba nyingi zina matundu mawili au matatu tu, na kitovu cha USB-C, kifaa cha kuongeza matundu, kitakuwa sehemu ya gharama. Umbo la tundu la USB-C halikuelezi linafanya nini. Mengine hupeleka data tu, mengine huchaji, mengine hupeleka na picha. Soma waraka wa mtengenezaji wa modeli husika. Wanaopenda MacBook Air za M1 na M2 wajue kwamba zinakubali skrini moja tu ya nje.

Hatua ya saba: Mpya au iliyotumika

Kwa fedha ileile, kompyuta ya ofisini iliyotumika miaka mitatu au minne mara nyingi hushinda mpya ya bei ya chini. Familia za ThinkPad, Latitude na EliteBook zina kibodi imara, vipuri vyake vinapatikana, na watengenezaji huchapisha miongozo ya kuzifungua. Sharti langu moja ni kizazi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, ukiacha chache sana za kabla yake. Mashine ya kizazi cha sita ni nafuu kwa sababu hiyo hasa. Kwa Chromebook iliyotumika, tazama katika mipangilio tarehe ya mwisho wa masasisho kabla ya kutoa fedha.

Ukaguzi ufanyike mashine ikiwa imezimwa na baridi, ukaiwasha mwenyewe bila chaja. Kwanza ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo endeshi haujawaka. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mashine mezani. Ukiwasha na kuona ujumbe kwamba kompyuta inasimamiwa na taasisi fulani, au Mac ikadai akaunti ya mtu mwingine, fanya vivyo hivyo, kwani kufuli la namna hiyo halifunguki kwa kufuta diski. Linganisha namba ya utambulisho iliyo chini ya ganda na ile iliyomo ndani ya BIOS.

Kisha pima betri. Katika Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na faili litahifadhiwa mahali utakapoonyeshwa. Ndani yake tafuta DESIGN CAPACITY, ambao ni ujazo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni uliobaki. Ikiwa wa kwanza ni 50,000 mWh na wa pili 38,000, betri imebakiwa na asilimia 76, na una hoja ya kupunguziwa bei. Kwa Mac, tazama idadi ya mizunguko ya kuchaji betri. MacBook za miaka ya karibuni hukadiriwa kufikia 1000. Weka kompyuta juu ya meza tambarare: ikiyumba, au padi ya kugusa ikiwa imeinuka na haibonyei, betri imevimba na ni hatari.

Malizia kwa kubonyeza kila kitufe, kuchomeka flashi katika kila tundu, kujaribu kamera, maikrofoni na Wi-Fi, kufungua picha nyeupe tupu na nyeusi tupu ili kuona pikseli zilizokufa, na kuchezesha video kwa dakika ishirini huku ukisikiliza feni. Programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski. Muuzaji asiyekuruhusu muda huo amekujibu swali usilomuuliza.

Hatua ya nane: Siku za mwanzo

Itumie mashine kwa kazi zako halisi ndani ya muda wa kurudisha bidhaa, badala ya kuihifadhi kwenye boksi hadi muhula uanze. Endesha ripoti ya betri hata kama kompyuta ni mpya, uweke nakala ya matokeo yake. Washa usimbaji wa diski, unaozuia asiye na ufunguo kuisoma, na uhifadhi ufunguo wa kuirejesha nje ya kompyuta hiyo. Panga nakala rudufu mbili, moja kwenye diski ya nje na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, kabla ya kuandika sura ya kwanza ya tasnifu. Ikiwa mashine hukaa kwenye chaja siku nzima, weka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 katika mipangilio ya mtengenezaji, kwa kuwa joto na kujaa muda wote ndivyo vinavyochosha betri za lithiamu. Piga picha ya risiti, ya kadi ya dhamana na ya namba ya utambulisho, na uzihifadhi mahali unapoweza kuzifikia hata kompyuta yenyewe ikiibiwa.